Kiputo

Saa saba usiku, kiwanda cha korosho, kwa juu ya Mikindani:
mimi, Chinduli, na ndoo ya povu la sabuni ya kufulia.
Brashi ni ya rangi, imekatika mpini.
Tunapaka kila kiungo kama mtoto anavyopakwa liwa,
nyuma ya sikio, kwapani, katikati ya vidole.

Flanji ya kwanza, kimya.
Ya pili, kimya.
Ya tatu Chinduli anapiga miayo, kimya.
Ya nne
inatoa kiputo.

Kimoja. Kidogo kama jicho la dagaa.
Kinavimba, kinasita, kinapasuka,
na pale pale kinazaliwa kingine.

"Dada Siwatu, hata hicho nacho?"

Bwana Mfaume amekwisha piga simu mara tatu.
Korosho ghafi zimefika mlangoni mwa ghala,
wabanguaji wameambiwa waje alfajiri.
"Boila jipya, lina vyeti! Linavuja nini?"
Boila halivuji, bwana. Inavuja kazi yangu.

Gesi hii naijua. Nilikuwa sekondari walipozika lile bomba;
tulisimama kando ya mtaro tukalitazama
likielekea Dar bila kugeuka nyuma.
Leo limetupa tawi moja, nene kama mkono wangu.
Gesi yenyewe haina harufu. Harufu hutiwa na watu,
ili pua ipate pa kushika.
Ile ya mtungi hutambaa sakafuni.
Hii hupanda, hukaa darini, huvizia cheche.
Ndiyo maana nilimwagiza mwashi matundu mawili ya hewa,
moja chini, moja juu,
na juzi nikakuta la juu limezibwa gunia.

"Wezi," alisema mlinzi, Nampoto.
Mwizi akipita hapo ataondoka na spana.
Moto ukikosa hewa utatoa sumu,
na mtu wa zamu hatasikia harufu,
atasikia usingizi tu.
Nampoto akalichomoa gunia, akalikunja,
akalikalia.
Jioni tukafunga wavu wa chuma.

Basi naachia presha. Mshale wa geji unashuka
kama mgeni asiyetaka kuaga.
Humu bado ni upepo wa kompresa;
gesi iko nje ya ukuta, nyuma ya kufuli,
ufunguo uko shingoni mwangu.
Bolti nane. Gasketi imekaa upande,
chini yake punje ya mchanga.

Punje hiyo ingetuua? Labda hapana.
Labda ingengoja masika. Sijui.
Ukiifanya vizuri kazi hii, hakitokei kitu,
na hakuna anayelipia kisichotokea.

Gasketi mpya. Bolti kwa kukingamisha,
hii, kisha ya ng'ambo yake.
Presha tena. Chinduli analala juu ya maboksi.
Natazama mshale
mpaka nauona hata nikifumba macho.
Umetulia.

Alfajiri akaja Bi Somoe,
miaka kumi na mmoja akichemsha korosho kwenye pipa la kuni,
macho mekundu kama ya mtu aliyefiwa jana.
"Moto uko wapi?"
Nikamwambia ngoja. Feni kwanza, ifagie tumbo la boila.
Tukahesabu pamoja, yeye kwa Kimakonde.
Kisha tik, tik, na kwenye kidirisha
ua la buluu likafunguka.
"Hivyo tu?"
Hivyo tu, bibi.

Nikaandika daftarini: flanji ya nne, ilivuja, imerekebishwa.
"Imeshapona, unaandika ya nini?" Chinduli akauliza.
Nikampa kalamu, naye atie sahihi.

Bi Somoe akaomba povu lililobaki.
Akaosha vidole, ncha zake nyeusi kwa mafuta ya maganda,
akavisugua taratibu, kimoja kimoja,
nami, kwa mazoea tu,
nikayakagua yale mapovu
moja baada ya jingine.